Udongo wa Banda la Betri

Elina aliporudi kwa baba yake Makambako hakueleza ndoa yake ilivunjikaje, na Mzee Ebeneza hakumuuliza. Alimpokea mjukuu wake Ema, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni safari ikiwa ndefu, akamwonyesha binti yake chumba kilekile alichokulia, kisha akatoka nje kuwasha jiko la chai. Mkewe Anyisile angekuwa hai angejua la kusema. Ebeneza alikuwa fundi. Kitu kilichoharibika alijua kukitengeneza akishakishika mkononi, lakini mtoto wa kike aliyekaa ukingoni mwa kitanda akiutazama ukuta hakujua aanze naye wapi.

Wiki zilipita hivyo. Elina alipika, alifua, alimwogesha mtoto, na jioni upepo wa Makambako ulipoanza kupiga mabati alijifunika blanketi na kulala mapema kama mgonjwa. Kanisani hakutaka kwenda. Majirani waliokuja kumpa pole aliwaitikia kwa mkato mpaka wakaona haya, wakaaga.

Siku moja mzee alimkuta amesimama nyuma ya nyumba, anatazama kiwanja kilichokaa bure kati ya choo cha zamani na ukuta wa jirani.

"Baba, hapa hulimi?"

"Nilime na magoti haya?"

"Basi nipe mimi."

"Chukua," alisema Ebeneza, na furaha ya kuombwa kitu ilimjaa kiasi kwamba hakufikiri zaidi. "Chukua chote, mwanangu. Ni chako."

Kwa miaka mingi pale palikuwa na banda lake la betri. Makambako ni njia panda. Malori ya Tunduma, ya Songea na ya Dar es Salaam yote hupita hapo, na baridi ya asubuhi huziua betri kuukuu. Madereva walimletea yeye. Ebeneza na mwenzake Wiliam walizifungua, wakamwaga maji ya betri chini palepale, wakatoa sahani zilizochoka za risasi, ile metali nzito ya kijivu, wakaziyeyusha kwenye sufuria ya chuma juu ya makaa na kumimina vichwa vipya vya betri. Kazi hiyo ndiyo iliyojenga nyumba na kumsomesha Elina hadi kidato cha nne. Baadaye zikaja betri zilizozibwa, zisizofunguliwa, wakaja na wanunuzi wanaozibeba mbovu bila kuzifungua kwenda kuziuza mbali, na kazi ikafa. Wiliam alirudi kwao Lugarawa. Ebeneza alibomoa banda, akauza mabati, akamwaga toroli kadhaa za udongo mwekundu juu ya weusi wa makaa, na mvua zikapafanya paonekane kama mahali pengine popote.

Elina alianza na jembe la kuazima. Alikusanya samadi kwa jirani mwenye ng'ombe, akachimbia majani makavu, akapanga matuta. Mchicha ulitangulia kuota, zikafuata chainizi na figiri, kisha karoti. Mzee alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni akiangalia mgongo wa binti yake ukiinama na kuinuka, na siku aliyomsikia akiimba pambio la kwaya huku anapalilia, aliingia ndani akajifanya anatafuta kitu ili afute macho.

Kutoka hapo mambo yalikwenda vizuri. Mama Feliciana, mwenye mgahawa karibu na stesheni ya reli, alionja mchicha wa Elina akasema atauchukua kila asubuhi. Elina alirudi kwenye kwaya. Alinunua sweta jipya, akamnunulia Ema viatu vya mvua vya rangi ya njano. Ema mwenyewe hakubanduka bustanini. Alichimba kwa kijiko, alipika ugali wa tope, alichomoa karoti changa na kuzila baada ya kuzifuta kwenye gauni. Mchana walikula mboga zao wenyewe, na mzee alikuwa akijisifu kwa wenzake baada ya ibada kwamba mjukuu wake hajui mboga ya sokoni ina ladha gani.

Tatizo lilionekana kwenye maharage. Elina alikuwa ameyapanda upande wa ukuta, ambako jua lilipiga vizuri, na yaliota yote kwa pamoja. Halafu yakakwama. Majani ya chini yaligeuka zambarau, ya juu yakawa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na mimea ikabaki mifupi kama iliyokanyagwa. Elina aliongeza samadi. Alimwagilia zaidi, kisha akapunguza. Mwishowe alichomoa mche mmoja akamletea baba yake.

"Hebu ona mizizi yake, Baba. Ndivyo inavyotakiwa kuwa?"

Ebeneza aliupokea. Mizizi ilikuwa mifupi na minene, ncha zake za kahawia, haina vile vinyuzi vyembamba ambavyo hushikilia udongo. Aliutazama mche, akatazama ulikotoka, na hapo ndipo kumbukumbu ilipomjia. Upande ule wa ukuta ndipo jiko la kuyeyushia risasi lilipokuwa. Pale hata nyasi hazikuwahi kuota, miaka yote.

"Labda ni sakitu," alisema. "Juzi asubuhi kulikuwa na baridi kali."

"Sakitu ingechagua kona moja?"

Mzee alimrudishia mche, akaingia ndani.

Elina hakuwa mtu wa kukaa na swali. Alikwenda ofisi ya kata, na siku iliyofuata akaja na afisa kilimo, dada mmoja wa Makete aitwaye Conjesta, mwenye buti za plastiki na sauti ya upole. Alimsalimu mzee shikamoo kwa kupiga magoti kidogo, akaingia bustanini, akasifia mchicha, akachuchumaa kwenye maharage na kuchomoa mche baada ya mwingine. Alinusa udongo. Aliusugua kati ya vidole.

"Udongo wetu huku una uchachu," alisema, "na ukizidi, mizizi inaungua hivi hivi. Lakini huu mpaka ni wa ghafla mno. Pale mzuri, hapa mbaya. Mzee, hapa zamani palikuwa na nini?"

Ebeneza alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao, mkono kwenye ukuta. Elina alikuwa amegeuka kumtazama, uso wake umeng'aa kwa jasho, kilemba kimemwendea upande, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alifanana na mama yake. Mzee aliona akisema neno moja bustani yote itakufa, na binti yake atarudi ukingoni mwa kitanda.

"Palikuwa na banda," alisema.

"La nini, mzee?"

"La kuwekea vitu tu. Mbao, mabati. Vitu vya nyumbani."

Conjesta aliitikia kwa kichwa. "Labda mlimwaga simenti au majivu. Basi tujaribu chokaa. Ya kilimo, siyo ya kupaka nyumba. Tuone yatakavyoitikia. Yakikataa, nitachukua udongo tuupeleke upimwe."

Elina angeweza kumsahihisha. Alikulia pale, moshi wa banda lile aliuvuta akiwa mdogo. Lakini yeye alikumbuka betri na malori na kelele. Kwamba vitu vile vingeweza kubaki ardhini miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia. Baba yake alikuwa fundi, naye ndiye aliyejua. Kama baba alisema ni banda la vitu, basi labda kona ile ndipo mbao zilipowekwa.

Walitia chokaa. Mvua mbili tatu zilinyesha, na maharage mapya aliyoyapanda palepale yakaota yakiwa na nafuu. Si mazuri kama ya upande wa pili, ila yalikuwa kijani, yakatoa maua, yakafunga. Elina alicheka peke yake bustanini. Alimpigia Conjesta simu kumshukuru, na Conjesta akasema basi, hamna haja ya kupima. Ebeneza, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alishusha pumzi. Alijiambia kwamba udongo umejitibu. Alijiambia pia kwamba yeye mwenyewe alifanya kazi ile nusu ya maisha yake na hajafa.

Ugonjwa wa Ema haukuja kwa kishindo. Kwanza alianza kukataa chakula. Kisha akawa mkali, mtoto ambaye zamani alikuwa akicheka hata akianguka. Ukimgusa analia, ukimwacha analia. Akawa mweupe viganjani. Halafu tumbo. Lilikuwa likimkamata ghafla, anajikunja na kushika kitovu kwa mikono yote miwili, na choo hakipati kwa siku nyingi. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, na ilikuwa haki yao kuitoa, kwani mtoto anayecheza tope huwa na minyoo. Alipata nafuu kidogo, au walidhani amepata.

Mzee Ebeneza alimwona siku moja mchana amejikunja hivyo kwenye mkeka. Mkao ule aliujua. Wiliam alikuwa akijikunja vilevile nyuma ya banda, mikono kitovuni, siku walizoyeyusha risasi asubuhi hadi jioni. Mafundi wa betri walikuwa na jina lao kwa maumivu yale: waliyaita tumbo la kazi. Walikunywa maziwa, wakapumzika siku moja, wakaendelea. Yeye pia alikuwa nalo. Na mikono yake, ambayo sasa ilitetemeka akishika kikombe, aliisingizia uzee.

"Mpe maziwa," alimwambia Elina.

"Nimempa. Anayatapika."

"Na asicheze tena bustanini. Kuna baridi."

Elina alimtazama. "Baridi gani, Baba, na jua lote hili?"

Ile ilikuwa nafasi ya pili, naye akaiacha ipite. Alichofanya ni kuacha kula mboga. Alisema meno yanamuuma. Baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Alikuwa amejikinga yeye, na mtoto akamwacha akiendelea kula.

Ema alipoanguka degedege, Elina alipiga yowe lililowatoa majirani nje. Walimkimbiza hospitali ya misheni kwa gari la jirani, mzee amekaa nyuma ameshika miguu ya mtoto, miguu imekaza kama vijiti. Walipofika degedege lilikuwa limekoma. Daktari, kijana mtulivu aliyevaa sweta chini ya koti jeupe, alimpima malaria, hana. Alimpima damu, akakuta imepungua sana. Aliangalia fizi zake kwa tochi kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya Elina.

"Mama, nyumbani mnafanya kazi gani?"

"Nalima mboga."

"Mnatumia dawa kali za kupulizia?"

"Situmii dawa kabisa. Samadi na chokaa tu."

"Kuna mtu anayechomelea? Anayepaka rangi? Anayetengeneza betri?"

"Hapana," alisema Elina, kisha akasita. "Zamani baba alikuwa..." Akageuka.

Mzee Ebeneza alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Aliingia hatua moja.

"Bustani iko juu ya banda la betri," alisema. "Tulikuwa tukiyeyusha risasi pale. Maharage yalipokataa nilijua. Si kujua kabisa. Nilihisi. Yule dada wa kilimo aliniuliza nikamdanganya."

Daktari aliandika kitu na kusema damu itapelekwa Dar es Salaam kupimwa, lakini hatasubiri majibu kuanza kumtibu mtoto kama mwenye sumu ya risasi. Elina hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama baba yake, na mzee alitamani apige kelele, amtukane hata.

"Ulikuwa unamwangalia akila," alisema Elina taratibu. "Ulikaa kwenye kigoda chako, Baba, ukimwangalia."

Walilazwa hapo kwa muda. Majibu ya damu yalipokuja yalithibitisha alichodhani daktari. Dawa ya kuivuta risasi mwilini ilitafutwa, ikapatikana kwa tabu, na Ema akaanza kuketi, kuomba uji, kuuliza viatu vyake vya njano viko wapi. Daktari alieleza wazi kwamba dawa iliyo kubwa kuliko zote ni kumwondoa pale ilipo sumu, na kwamba kwa mtoto mdogo kitu hiki huweza kugusa akili: kusoma, kukaa na jambo, kukumbuka. Huenda. Hakuna kipimo cha kusema kitatokea au hakitatokea. Mtoto akue, waone.

Conjesta alirudi na mifuko ya kuchukulia udongo. Safari hii hakusifia kitu. Alichimba upande wa ukuta, akachimba katikati, akachimba kwenye mchicha mzuri. Mzee alimfuata nyuma kwa umbali, na alipomaliza akamuuliza swali lililokuwa likimsumbua.

"Dada, lakini mchicha ulikuwa mzuri. Chainizi nzuri. Kama sumu ilikuwa kote, mbona hizo hazikukataa?"

Conjesta alifunga mfuko wa mwisho kabla ya kujibu.

"Mzee, mmea hauwezi kuhama. Ukikuta sumu chini, unajitetea hapohapo ulipo, na kila mmoja kwa namna yake. Sumu ikizidi kabisa, kama pale palipokuwa na jiko lenu la risasi, mzizi unaungua ncha, unashindwa kurefuka, unashindwa kuvuta chuma na fosforasi, na jani linakuambia: linageuka manjano, linageuka zambarau. Ule unaoonekana mgonjwa ndio unaotoa taarifa. Ikiwa kiasi, mmea unaifunga. Risasi nyingi huzuiwa mizizini, isipande juu. Ndiyo maana jani linabaki zuri. Lakini karoti ni mzizi, na mtoto alikuwa anakula karoti. Na kwenye mboga za majani kuna risasi inayopanda, mmea unaificha kwenye jani mahali ambapo haiuumizi wenyewe. Unanawiri. Anayeumia ni anayekula. Halafu kuna vumbi lenyewe: kwenye jani, kwenye kucha, kwenye gauni. Kwa Ema nadhani vumbi ndilo lililozidi."

"Na chokaa?"

"Chokaa na samadi vilipunguza ukali wa udongo, risasi ikashikwa kidogo, maharage yakapumua. Haikuondoka. Risasi haiozi, mzee. Wajukuu wa wajukuu zetu wangeikuta." Aliangalia buti zake. "Nilipaswa kuchukua udongo siku ile ile. Mpaka ule ulinishangaza, na nikaupuuza kwa sababu nilipewa jibu. Nami nitabaki na hilo."

"Wewe uliuliza," alisema Ebeneza.

"Ndiyo. Niliuliza."

Siku ya kung'oa bustani Elina alikuja peke yake kutoka hospitali, Ema akiwa amebaki wodini na shangazi wa Elina, dada wa mzee. Alijifunga kitambaa puani kama alivyoagizwa, akalowesha matuta kwa maji ili vumbi lisipande, akaanza na mchicha. Ulikuwa umefika magotini, majani mapana, haujawahi kuwa mzuri vile. Aling'oa na kusindilia kwenye viroba. Haukuruhusiwa kuchomwa, wala kupewa ng'ombe. Ungefukiwa mbali, mahali palipoonyeshwa na wataalamu. Mzee alikuja na glavu zake za zamani.

"Acha, Baba."

"Nikusaidie hata kubeba."

"Usiguse." Hakupandisha sauti. "Hiki ni changu. Ulinipa."

Mzee alirudi kwenye kigoda, akaona hawezi kukikalia, akasimama nyuma ya mlango wa jikoni mpaka kiroba cha mwisho kilipofungwa.

Lakini kwa wateja mzee alikataa Elina aende peke yake. Walikwenda pamoja hadi kwa Mama Feliciana, kwenye mgahawa wenye mabenchi marefu, wakati abiria wa treni walikuwa bado hawajafika. Elina alianza kusema, akashindwa, na mzee akachukua maneno. Alieleza kilichokuwa kwenye udongo na kwamba yeye alikuwa akikijua. Alisema wateja wenye watoto wadogo wapelekwe kupimwa. Mama Feliciana alikuwa ameshika mwiko, aliuweka chini.

"Mjukuu wangu anakula hapa kila siku," alisema.

"Najua, mama. Ndiyo sababu nimekuja."

"Umekuja leo." Mama Feliciana alivua aproni. "Miaka yote nakusalimia kanisani, Ebeneza. Kamwene, kamwene, tunashikana mikono. Umekuja leo."

Mjukuu wake alipimwa, akakutwa na risasi kidogo, siyo ya kutisha, na watoto wengine wawili mtaani vivyo hivyo. Watu wa mazingira walikuja wakazungushia kiwanja uzio, wakaagiza kifunikwe kwa udongo safi na kupandwa nyasi zinazoshika ardhi, pasilimwe kitu cha kuliwa. Hakuna aliyemshtaki. Kanisani watu waliendelea kumsalimu, ila benchi alilokaa lilikuwa na nafasi pande zote mbili, na mzee aliona ni haki.

Elina hakurudi kuishi pale. Conjesta alimtafutia kazi Njombe, kwenye kitalu cha miche ya parachichi, na alipanga chumba Mjimwema, kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu yenye ua wa majani. Kabla ya kukubali kazi alimwuliza mwenye kitalu udongo wa viriba vya kuoteshea miche unatoka wapi, akaenda kuuangalia mwenyewe. Mwenye kitalu alidhani ana kichaa. Hakujali.

Mzee Ebeneza alikuwa akienda kuwaona kila mwisho wa mwezi, akibeba unga na maharage ya kununua sokoni. Elina alimkaribisha chai, akamuuliza magoti, akampa habari za kitalu. Alikuwa na adabu kama ya mgeni. Mara moja tu waliongea. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, ukungu wa Njombe umeshuka hadi kwenye ua, na Elina alikuwa anachambua mchele.

"Nilijaribu kukuchukia, Baba," alisema bila kuinua uso. "Nilijaribu sana pale hospitali. Sikuweza."

Mzee aliweka kikombe cha chai chini.

"Najua kwa nini ulinyamaza. Uliogopa nitarudi kuwa vile. Na kweli ningerudi. Ningelia mwezi mzima. Lakini kulia kungekwisha."

"Ningesema siku ile, Elina. Kila siku naamka nasema ningesema siku ile."

"Ndiyo. Ungesema." Alipepeta mchele, akatupa mawe matatu kwenye majani. "Sasa ukiniambia kitu, hata jua limechomoza, lazima nitoke nje nikaangalie. Sipendi niwe hivyo kwako. Ndivyo nilivyo."

Ema alikuwa amekua. Alikuwa na mashavu tena, anakimbia, anagombana na watoto wa mwalimu mstaafu juu ya kamba ya kuruka. Alianza darasa la kwanza mwanzoni mwa mwaka. Siku mzee alipofika mara ya mwisho kabla ya mvua kubwa, mtoto alileta kitabu chake akajisogeza kwenye goti lake asome.

Alisoma mstari wa kwanza vizuri. Wa pili alikwama, akarudi mwanzo, akabadilisha herufi, akachungulia picha kutafuta msaada. Alisoma neno lilelile mara tatu na kila mara likawa neno jingine. Kisha akasahau kitabu, akaanza kueleza habari za kamba.

"Wote wako hivyo," alisema Elina haraka. "Mwalimu wake kasema tusubiri. Kuna wanaochelewa."

"Hata wewe ulichelewa," alisema mzee, ingawa hakuwa na uhakika. Mambo hayo Anyisile ndiye aliyekuwa akiyashughulikia. Elina alimtupia jicho, na mzee akaona kwamba binti yake analipima neno hilo pia.

Huenda Ema alikuwa anachelewa tu, kama watoto wengi. Huenda zilikuwa zile karoti, na lile vumbi, na ule msimu mmoja ambao mtu mzima aliyejua alikaa kimya. Daktari alikuwa amesema hakuna kipimo. Mzee Ebeneza angekubali lolote, hata lililo baya kuliko yote, lau kama mtu angekuja amwambie kwa uhakika ni lipi. Hakuna ambaye angekuja.

"Haya, tusome tena," alisema, akafungua kitabu kwa mikono inayotetemeka. "Hapa. Anza polepole."

Ema aliweka kidole chini ya neno, akavuta pumzi, akaanza.